Sufuria ya Tahadhari

Asubuhi ya safari Bi. Turan aliinua kifuniko cha buti la gari ili apange kapu la katlesi na chupa ya chai, akakuta mahali pake pamekwisha kukaliwa. Chini ya mablanketi, ikiwa imefunikwa taulo la kuogea kama mtu aliyejificha, ilikuwamo sufuria yake kubwa ya shaba, ile itolewayo kabatini kwa harusi na matanga tu.

"Nosrat," aliita bila kupaza sauti. "Hii ni nini?"

Mumewe, Bwana Nosrat, mwalimu wa jometri aliyestaafu, alikuwa akifuta kioo cha mbele ambacho kilikuwa safi tangu jana. Hakugeuka.

"Sufuria, mpenzi wangu."

"Naona kuwa ni sufuria. Watu wawili wanakwenda baharini. Hii inapika wali wa mtaa mzima."

"Ni tahadhari tu."

"Tahadhari ya nini? Ya mafuriko?"

"Mtu hajui, Turan. Njiani kuna mengi."

"Njiani kuna watu, nawe una ulimi. Hayo ndiyo niyajuayo mimi."

Alisema kweli. Tangu waoane, kila kiangazi walikwenda Kaskazini kama waendavyo watu wote wa Tehran wenye gari linaloweza kupanda mlima, na kila kiangazi Bi. Turan aliiona bahari kupitia dirisha la jiko. Shemeji walikuja, wakwe wa shemeji wakafuata, na mwaka mmoja alikuja mtu ambaye hata leo haijulikani alikuwa ndugu wa nani, akala siku nne na kusifu ukoko wa wali. Bi. Turan alirudi mjini mwaka ule bila kulowanisha hata kisigino. Basi safari hii hakuomba bangili wala zulia. Aliomba siku chache katika ile nyumba ndogo aliyoachiwa na mjomba wake karibu na Nowshahr, mkate na jibini, mahali pa kukaa, na maji mbele ya macho yake. Mgeni asiwepo. Bwana Nosrat aliweka mkono juu ya Kitabu kitakatifu akaahidi: "Mara hii sitamwalika hata paka."

Sasa wakapita chini ya Kitabu hichohicho, kilichoinuliwa mlangoni na jirani yao wa ghorofa ya chini, Bi. Munes, aliyekuwa pia na bakuli la maji tayari mkononi.

"Nendeni salama, wapenzi wangu," alisema Bi. Munes. "Na msijisumbue kutuletea kitu. Hata vile vileja vya Lahijan vyenye kokwa za jozi ndani, vile vya duka la kona, msijisumbue kabisa."

"Hapana, si usumbufu," alijibu Bi. Turan, akiandika moyoni vileja, jozi, duka la kona.

Gari likaondoka, maji yakamwagwa nyuma yake ili wasafiri warudi salama, nao wakaelekea milimani. Sufuria ilibaki butini. Bi. Turan alikuwa ameamua kwamba ahadi iliyowekwa juu ya Kitabu ina nguvu kuliko chombo cha shaba.

Barabara ya Chalus, ile ivukayo milima kwenda baharini, haikuumbwa kwa ajili ya watu wote kwenda mahali pamoja asubuhi moja, lakini hivyo ndivyo itumikavyo. Kabla ya kufika kwenye handaki kubwa la mlimani magari yalisimama. Yalisimama mistari miwili, kioo kwa kioo, na watu wakaanza kuishi humo. Familia moja ilitandika mkeka kando ya mto na kuwasha makaa. Kijana mmoja alishuka akacheza katikati ya barabara kwa muziki wa gari la mbele yake, na hakuna aliyemkataza. Bi. Turan alimenya tango, akalitia chumvi, akampa mumewe nusu. Hewa ilikuwa na harufu ya majani mabichi na moshi wa nyama. Alikiri moyoni kwamba hata foleni ni nzuri ukiwa na mtu mmoja tu wa kumlisha.

Ndipo gari dogo jeupe lilipojisogeza upande wa kushoto likasimama sambamba nao.

"Bwana Nosrat! Siamini macho yangu!"

Alikuwa Bwana Jalil, aliyekuwa makamu wa mkuu wa shule aliyofundisha Bwana Nosrat, mtu mpole mwenye masharubu yaliyochanwa. Kando yake alikaa mkewe, Bi. Aqdas, na nyuma, katikati ya mito na mabunda, mama mzazi wa Bi. Aqdas, ajuza mdogo kama njiwa, aitwaye Bibi Khavar.

"Bwana Jalil! Roho yangu fidia yako! Hujambo wewe? Mama hajambo? Watoto? Magoti?"

"Chini ya kivuli chako, yanavuta pumzi. Nanyi je? Kifua?"

"Kifua kinakuombea dua."

Waliulizana hali hadi hapakubaki kiungo cha mwili kisichotajwa. Kisha Bwana Jalil akauliza wanakwenda wapi, ingawa barabara ile haina pa kwenda pengine, na Bwana Nosrat akajibu kwamba wana kibanda kisicho na maana karibu na Nowshahr. Bi. Turan akashika ukingo wa kiti. Alilisikia neno lile likija kama mtu asikiavyo hatua za mwanawe ngazini.

"Basi njooni kwetu!" alisema Bwana Nosrat. "Nyumba ni yenu."

"Hapana, hapana, hatuwezi kuwasumbua."

"Usumbufu gani?"

"Mmekwisha kutukirimu kana kwamba tumekuja. Siku nyingine, Mungu akipenda."

Hapo jambo lilikuwa limekwisha, na Bi. Turan akapumua. Mwaliko wa kwanza ni namna ya kusema kwaheri, kila mtu anajua. Wa pili ni kwa wale unaowapenda. Wa tatu tu ndio unaowekewa sahani mezani. Katika barabara yenye afya Bwana Nosrat angekanyaga mafuta, Bwana Jalil angepiga honi ya heshima, na maneno yale yangepeperuka bondeni bila kumdhuru mtu.

Lakini magari hayakusogea.

Wanaume wawili waliokwisha kuagana walibaki wametenganishwa na upana wa kiganja. Kila mmoja alitazama mbele. Kufunga kioo kungekuwa tusi. Kunyamaza kulianza kuwa tusi pia, na kadiri kimya kilivyorefuka ndivyo shingo ya Bwana Nosrat ilivyozidi kuwa nyekundu. Akakohoa. Akagusa usukani. Bi. Turan akampa tango kwa haraka amzibe mdomo, lakini alichelewa.

"Kwa kweli, Bwana Jalil, nasema kwa moyo. Pana chumba kitupu."

"Moyo wako tunaujua, Bwana Nosrat. Mama yetu ni mzee, atawachosha."

"Mama ni taji la kichwa changu!"

"Maua yatakufa," ilisema sauti nyembamba kutoka kiti cha nyuma.

"Mama, kula tango," alisema Bi. Aqdas upesi.

Mstari wao ukasogea. Bi. Turan alimwomba Mungu usogee tena, nao ukasogea, na gari jeupe likabaki nyuma na masharubu yake. Akapata hata nafasi ya kutabasamu. Kisha mstari wa kushoto nao ukapata nafasi, na taratibu, kioo kwa kioo, Bwana Jalil akarudi kando yao akiwa na uso wa mtu anayeomba radhi kwa kuwapo duniani.

"Tumekutana tena," alisema.

"Tumekutana," alisema Bwana Nosrat.

Kimya kikaja, kirefu kuliko cha kwanza. Mbele yao yule kijana alikuwa bado anacheza.

"Mkipita mlangoni kwangu bila kuingia," alisema Bwana Nosrat, na jasho likamtoka, "mtaniumiza."

Bwana Jalil alimtazama mkewe. Bi. Aqdas alitazama mikono yake. Kukataa mara ya tatu ni kumwambia mtu kwamba mkate wake hauliki.

"Basi, ukiliweka hivyo," alisema Bwana Jalil kwa sauti ya chini, "sisi ni nani tukuvunjie heshima?"

Na hapa, ili haki itendeke, ni lazima isemwe kwamba Bi. Turan mwenyewe, kabla hata hajakasirika, alijikuta amepinda juu ya mapaja ya mumewe, ametoa uso nje ya dirisha, anatabasamu kwa meno yote. "Mmetufurahisha! Miguu yenu juu ya macho yangu!"

Foleni ikafunguka palepale, kana kwamba ilikuwa ikingojea hilo tu.

Walipotokea upande wa pili wa handaki, milima ilikuwa imegeuka kijani na mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha kama inyeshavyo Kaskazini hata katikati ya kiangazi.

"Hata paka," alisema Bi. Turan.

"Ningefanyaje? Alikuwa pale!"

"Ungejifanya umelala."

"Nikiwa kwenye usukani?"

"Nusu ya madereva wa barabara hii wamelala, na hakuna anayewalaumu."

Bwana Nosrat aliwasha vifuta kioo. "Angalau tuna sufuria," alisema mwishowe, na lingekuwa jambo la busara kama hangelisema.

Walifika alasiri. Nyumba ya mjomba ilinuka unyevu, mito ya kulalia ilikuwa imevimba, na jongoo mmoja alikuwa amefia katikati ya sebule kwa utulivu. Bi. Turan alifungua madirisha. Bahari ilikuwa pale, nyuma ya uzio wa jirani, kijivu na pana. Aliitazama muda wa kutosha kusikia gari jeupe likiingia uani.

Wageni waliingia na boksi la vitafunio vya malai na maneno ya kuomba radhi, wakawekewa samawari, na Bwana Nosrat akafanya lile alifanyalo kila mara: akaanza kusifu mkono wa mkewe.

"Mtakula wali wa Turan, wa zafarani, na ukoko ambao mfalme angeupigania. Au sivyo, Turan mpenzi?"

"Haki ya wageni," alisema Bi. Turan, akaenda jikoni.

Aliloweka mchele, akaosha kuku, vyote walivyonunua njiani. Akaipandisha sufuria mezani, nayo ikang'aa kana kwamba imeshinda kesi. Hakulia, kwa maana hakuwa mtu wa kulilia mambo ya jikoni, lakini alijua kwa hakika jinsi siku zitakavyokwenda: leo wali, kesho samaki, keshokutwa supu ya mboga kwa ajili ya tumbo la ajuza, kisha kufunga mizigo. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Alijiuliza ni viangazi vingapi vimebaki.

Bi. Aqdas aliingia nyuma yake, amekunja mikono ya nguo. "Dada, niachie kisu."

"Haiwezekani. Wewe ni mgeni."

"Nitaona aibu kukaa."

"Nami nitaona aibu ukisimama."

Wakang'ang'ania kisu kwa adabu kubwa, hata Bi. Aqdas akapata vitunguu na Bi. Turan akabaki na kuku. Bibi Khavar naye alijikokota hadi mlangoni, akavuta kigoda, akaketi. Alikuwa amefika umri ule ambao adabu humtoka mtu kama meno, moja moja, bila maumivu.

"Aqdas," alisema. "Maua ya dada yako yatakufa."

"Mama!"

"Alikupa ufunguo umwagilie maua. Nyumba ya watu ipo tupu Tonekabon, bahari mlangoni. Nawe ulisema njia nzima: nitaketi katika kile kiti cha barazani, siondoki. Ukasema ukiulizwa chai utajifanya kiziwi. Sasa upo hapa unamenya vitunguu vya watu."

Kisu cha Bi. Aqdas kilisimama. Uso wake ulikuwa mwekundu, na si kwa sababu ya vitunguu peke yake.

"Mlikuwa na nyumba?" aliuliza Bi. Turan polepole.

"Dada, nisamehe. Jalil alishindwa kukataa."

"Nosrat alishindwa kunyamaza."

"Aliniahidi," alisema Bi. Aqdas. "Aliniambia, mwaka huu hatuingii nyumba ya mtu."

"Wangu aliahidi juu ya Kitabu."

Walitazamana. Mmoja wao alianza kucheka, haijulikani yupi, na mwingine akafuata, wakacheka wakiwa wamejifunika mdomo kwa vishungi ili wanaume wasisikie, hata machozi yakawatoka, na vitunguu vikapata lawama isiyo yao. Kisha Bi. Turan akanyoosha mkono akazima jiko la gesi.

"Ufunguo uko wapi?"

"Mkobani."

"Gari lenu lina mafuta?"

Bi. Aqdas alijifuta macho. "Dada, itakuwa aibu."

"Aibu ni ya aliyealika na ya aliyekubali. Wewe na mimi hakuna aliyetuuliza."

Sebuleni wanaume walikuwa wameketi mbele ya ubao wa dadu. Mchezo ulikuwa haujaanza.

"Tupa wewe, Bwana Jalil."

"Mbele yako? Kamwe. Tupa wewe."

"Wewe ni mgeni."

"Wewe ni mkubwa."

Bi. Turan alisimama mlangoni akiwa amevaa koti lake refu na mtandio. "Bwana Jalil," alisema kwa upole, "nyumba hii ni yako."

"Unatukirimu mno, Bi. Turan."

"Jiko liko upande wa kushoto. Mchele umelowekwa, kuku ameoshwa, vitunguu vimemenywa nusu."

Bwana Nosrat aliinuka nusu, dadu zimo kiganjani. "Mnakwenda wapi?"

"Kumwagilia maua."

"Maua ya nani? Turan, mvua inanyesha!"

"Yako ndani ya nyumba."

"Na chakula?"

"Pikeni. Ninyi ni wasomi."

"Kwa chombo gani?" Sasa alikuwa ameona alichobeba mkewe chini ya kwapa. "Turan, sufuria!"

"Tahadhari," alisema Bi. Turan. "Njiani kuna mengi."

Bwana Jalil alimtazama mkewe akimwongoza mama yake ngazini, na masharubu yake yakateremka kidogo, kama ya mtu aliyegundua kwamba mtihani alioudhania kuwa wa wenziwe kumbe ni wake.

Uani Bwana Nosrat alimfuata mkewe akiwa na kandambili miguuni. Hakuwa akibisha tena. "Nilikuahidi," alisema.

"Uliahidi."

"Huwa nasikia neno limekwisha kutoka, Turan. Nami nashangaa kama anavyoshangaa mwingine yeyote."

Alimtazama. Mumewe alikuwa ameloa, kipara chake kinang'aa, mwalimu aliyeweza kuthibitisha kila jambo kuhusu pembetatu. Kwa nukta moja Bi. Turan alikaribia kurudi ndani na kuwasha jiko. Badala yake alimfunga mumewe kifungo cha juu cha shati.

"Kesho mchana mtufuate. Mje mmekula."

Gari lilipotoka getini, Bi. Aqdas kwenye usukani, Bi. Turan alitazama nyuma. Bwana Nosrat alikuwa amesimama mvuani na bakuli, akimwaga maji juu ya barabara ambayo tayari ilikuwa imejaa maji, ili mkewe arudi.

Nyumba ya dada yake Bi. Aqdas ilikuwa kama alivyoieleza ajuza. Maua yalikuwa yameinama lakini hai. Mvua ilikuwa imekatika upande ule, na jua la jioni lilikuwa bado halijaiacha bahari. Bibi Khavar alikitafuta kitanda, akakipata, akalala bila kumwomba mtu radhi. Wanawake wawili walimwagilia maua, kisha wakatoka barazani wakiwa na mkate, jibini na zile katlesi zilizobaki katika kapu la safari, na hapo wakasimama.

Kiti kilikuwa kimoja.

Kilikuwa kiti kizuri, cha henzirani, chenye mto mnene na mahali pa kuegemeza mikono, na kilitazama maji moja kwa moja. Bi. Aqdas alikiota barabara nzima ya Chalus. Bi. Turan alikiota miaka yote ya ndoa, ingawa hakuwa amewahi kukiona.

"Keti, dada," alisema Bi. Aqdas.

Maneno yakajipanga kinywani mwa Bi. Turan yenyewe: haiwezekani, keti wewe, ni nyumba ya dada yako, nitaona aibu. Aliyafahamu yote, kila moja na mahali pake. Alifahamu pia kwamba Bi. Aqdas angejibu, naye angejibu tena, na jua lingezama wakiwa wamesimama wima, wametenganishwa na upana wa kiganja.

"Ahsante," alisema Bi. Turan, akaketi.

Bi. Aqdas alibaki mdomo wazi. Ombi la pili lilikuwa tayari ulimini mwake, na la tatu nyuma yake, na sasa hayakuwa na pa kwenda. Alimtazama mwenzake kama mtu aliyeegemea mlango akakuta uko wazi. Kisha akaanza kucheka, safari hii bila kujifunika mdomo, akaingia ndani, akatoka na ile sufuria ya shaba. Akaipindua juu ya sakafu kando ya kiti, akatandika taulo, akaketi juu yake kwa kishindo.

"Inatosha vizuri," alisema.

"Ni sufuria nzuri," alikubali Bi. Turan, akavua viatu.

Ndani ya mkoba simu iliita, ikanyamaza, ikaita tena.

"Ni wao," alisema Bi. Aqdas. "Wali umewashinda."

"Hawajafika kwenye wali. Wanabishana nani aonje chumvi kwanza."

Bi. Aqdas alimkatia kipande cha mkate, akakijaza jibini, akakinyoosha kwake. Bi. Turan akakipokea mara moja, akala, akiitazama bahari.